Kibuyu Nyuma ya Goli

Utoto wangu mimi ni wa Rwezamenyo, huko Nyamirambo mjini Kigali, kwenye nyumba ya udongo iliyopakana na fundi baiskeli, na kama kuna mtu anayetaka kunibishia kwamba wafu hawachezi mpira, aje kwanza tukae. Sisemi kwamba wanacheza. Nasema aje tukae, anywe chai, anisikilize mpaka mwisho, halafu aseme yeye. Mimi niliyaona haya mchana kweupe, na akili zangu timamu, nikiwa mtoto mkubwa wa kutumwa dukani na kurudi bila kusahau kitu.

Mtaa wetu ulikuwa na timu, na msimu ule timu ilikuwa mbovu, jamani, mbovu ya kuaibisha. Tulifungwa na kila aliyekuja. Hata wale wa ng'ambo ya bonde, waliokuwa wakiazimana viatu kipindi cha mapumziko, walitufunga wakicheka. Sababu ilijulikana na kila mtu, ila hakuna aliyeitaja mbele yetu: kipa alikuwa amekufa. Kipa huyo alikuwa Idi, kaka yangu mkubwa. Mwanzoni mwa mvua alirudi kutoka mazoezini magoti yanamtetemeka, akasema ni uchovu, akalala. Malaria ilikuwa imeshampanda kichwani. Wiki haikuisha, tukawa hatunaye.

Idi alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Bibi alimpiga sana kwa ajili ya mkono huo, hasa wakati wa kula, na hakuacha. Kabla ya mechi alikuwa na kawaida ya kugonga milingoti ya goli kwa kisigino, wa kushoto kisha wa kulia, huku akipiga mluzi kwa kupitisha pumzi kwenye meno. Mimi aliniita Sisimizi, kwa sababu nilikuwa mdogo na nilipenda sukari. Hakuna mwingine duniani aliyeniita hivyo.

Nyumbani tulibaki wanne: Bibi mzaa baba, Mama, kaka yangu Shabani na mimi. Baba alikuwa Bukavu kwa mke mwingine, tusimtaje sana. Shabani alikuwa na miaka kumi na sita, mpole, wa mkono wa kulia kama watu wengine, na mpira wa kasi ulimwogopesha. Alipewa goli kwa sababu tu alikuwa ndugu wa Idi, basi. Kila Jumapili alirudi nyumbani na aibu mpaka chakula kikawa hakimshuki.

Katikati ya msimu wakaleta kocha mpya, Gaspari. Alikuwa mtu wa milima ya kaskazini, mwalimu wa zamani, mrefu, mwenye koti moja la kijivu. Vita vilikuwa vimepita kwao, naye akakimbilia mjini kama wengi wa wakati ule. Kiswahili alikuwa amejifunza ukubwani, kwa hiyo kila kitu kilikuwa "iko", na "lakini" ilikuwa "rakini". Sisi watoto tulimwiga, tukachapwa. Ila mpira, kweli, aliujua. Aliwakimbiza vijana kwenye mteremko wa Mlima Kigali kabla jua halijatoka. Aliwafundisha mabeki kusemezana badala ya kutazamana. Alimrushia Shabani mipira iliyoloweshwa kwenye ndoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mikono ikaota sugu. Hayo nayataja mapema ili mtu asije akasema nimeyaficha.

Siku moja akaja kwetu, akavua kofia mlangoni.

"Mama Idi," alisema, "ile jezi ya mtoto iko hapa? Nipe, avae mudogo wake. Goli rimekaa bila mwenyewe."

Mama aliinuka. Alikwenda chumbani, nikasikia sanduku likifunguliwa. Alitoka na ile jezi ya kijani, akaibana usoni kwa muda mrefu, akainusa, kisha akampa. Bibi alikuwa amekwenda sokoni. Angekuwepo, jezi ile isingetoka.

Jumapili iliyofuata tulishinda. Iliyofuata tena tukashinda. Halafu tukatoka sare na vinara wenyewe, na Shabani siku hiyo aliokoa mipira ambayo mpaka leo wazee wa Nyamirambo wakikaa barazani wanaibishania. Mtaa ulifufuka. Fundi baiskeli alifunga kibanda chake mapema siku za mechi. Na watu, bila mtu kuwaambia, wakaanza kumshangilia Shabani kwa jina lisilo lake. Jezi ilikuwa ya Idi, goli lilikuwa la Idi, wakasahau au wakajisahaulisha. "Idi! Idi! Idi!" Mwanzoni Shabani aliona haya. Baadaye akawa anainua mkono kuwajibu.

Bibi aliuza sambusa uwanjani, na kiti chake kilikuwa nyuma ya goli la upande wa barabara, mimi nikiwa karibu yake na sinia. Ndiyo maana sisi wawili tuliona ambacho wengine hawakukiona. Kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwenye mlingoti, Kocha Gaspari alikuwa akiweka kibuyu kidogo chenye mrija. Aliinama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, akanong'ona, akaenda zake. Siku moja upepo ulituletea maneno.

"Idi, hiki ni chako. Kunywa, utushikie."

Bibi aliacha kupepea makaa. Nusu ya damu yake ilikuwa ya wafanyabiashara wa Pwani, na nusu ya milimani, kwa mama yake, aliyesilimu alipoolewa. Kwa hiyo alijua vizuri alichokuwa anakiona. Kwa watu wa milimani aliyekufa haachwi hivi hivi. Anapewa chake, pombe kidogo ya mtama kwenye kibuyu, na maneno mawili matatu, ili asikasirike na awasaidie walio hai. Bibi alisubiri mechi iishe, akaenda, akakiinua kibuyu, akakitikisa. Kilikuwa kitupu. Walevi wa mtaa wetu hawakukosekana, najua, na mtu akitaka kusema ni wao, aseme. Ila sisi tulikaa pale dakika zote, na hakuna aliyepita.

"Ni nani aliyekunywa?" nilimuuliza.

"Nyamaza, beba sinia," alisema Bibi, akakirudisha kibuyu chini haraka kama kinachochoma. Sikuwahi kumwona Bibi akiogopa. Mimi ndiye niliyezoea kumwogopa yeye.

Wiki ile ndipo tulipoanza kuogopa ndani ya nyumba yetu wenyewe. Tulikuwa tumekaa mkekani mchana, sinia moja katikati, ugali na isombe, kisamvu chetu, yenye nyama kidogo. Shabani alinyoosha mkono kwenye sinia, na mkono ulikuwa wa kushoto. Alikula hivyo, taratibu, bila kujishtukia. Bibi aliduwaa, tonge likabaki hewani. Nilingoja apigwe. Hakupigwa. Mama alimtazama na macho yakajaa maji, akavisogeza vipande vya nyama upande wake.

"Kula, baba," alimwambia. "Kula ushibe."

Kisha Shabani akageuka, akanitazama mimi. "Sisimizi," alisema, "niletee maji."

Nililia nikakimbilia nje. Sikurudi mpaka fundi baiskeli aliponishika mkono kunirudisha, na usiku ule nililala nimejibana mgongoni kwa Bibi. Nataka nieleweke. Idi nilimpenda kuliko mtu yeyote, na nilikuwa nimeomba kila siku arudi. Lakini sauti ile iliponiita, sikufurahi hata kidogo.

Baada ya hapo mambo yakazidi. Ukimwita "Shabani" alikuwa kama hasikii, mpaka umguse. Mluzi ule wa meno tuliusikia uani. Na kila baada ya mechi homa ilimpanda. Jumapili tunashinda, Jumapili jioni magoti yanamtetemeka kitandani, kwenye kitanda kilekile alicholalia Idi. Tulimpeleka zahanati, wakampima, wakasema hawaoni malaria. Alikuwa anakonda tunamwona. Timu inanawiri, mtoto anayeyuka. Bibi alisema wazi, tena mbele ya Mama, kwamba yule wa kwanza alianza hivihivi na kwamba huyu wa pili naye anaondoka.

Kocha alipokuja kumjulia hali mgonjwa, Bibi alimkalisha kwenye kigoda, akampa chai, akamngoja ameze funda la kwanza.

"Mwanangu," alisema, "kile kibuyu ni cha nani?"

Kocha hakujaribu kudanganya. "Mama, mimi naheshimu dini yako. Hii si ulozi. Kwetu mutu wako akikufa unamupa yake, anakusaidia. Na amesaidia. Umeona."

"Sikatai kwenu ni hivyo. Mama yangu alikuwa wa huko. Lakini yule mtoto alikufa na shahada mdomoni. Alioshwa, akavishwa sanda, akasomewa. Pombe hakuionja hata tone maisha yake yote, hata harufu yake ilimkimbiza. Sasa wewe unamwita kwa pombe." Bibi alisogea karibu. "Na kibuyu kinaisha. Idi wangu hanywi, Gaspari. Anayekuja kunywa ni nani?"

Nilimwona mtu mzima akibadilika rangi. Aliiweka chini ile chai, akashika kichwa. Alikuwa amefanya yote kama alivyofundishwa na baba yake, hakukosea neno hata moja, ila hakuwahi kujiuliza swali lile.

"Nikiacha sasa?" alisema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Akishazoea kupewa, siku akikosa ataniuliza. Na hatauliza mimi. Atauliza yule anayevaa jezi."

"Ndiyo hivyo," alisema Bibi.

"Kwetu hakuna tena wa kuwapa wazee wetu kitu," alisema Kocha. "Nyumba imeungua. Nilifikiri, angalau huyu mmoja, nimufanyie vizuri."

Alilia, masikini, mbele ya wanawake. Nilikuwa nimemwogopa na kumchukia, na hapo hapo nikamwonea huruma. Bibi alimwambia kwamba kibuyu sasa ni kitu kidogo, kiwepo kisiwepo. Kazi ilikuwa kwenye jina. Uwanja mzima unamwita mtoto kwa jina la maiti, naye anaitika. Kila akiitika, mwenye kuitika anazidi kuwa mwingine. Dawa yake ni aitwe jina lake akiwa palepale golini, wakati wa kelele zile, na aitwe na aliyemzaa. Si bibi, si dada, si kocha. Mama.

Na Mama akakataa.

Sikuamini masikio yangu. Mama yangu, mpole, asiyewahi kumjibu mkwewe hata siku moja, alisimama mlangoni na kusema: "Hapana. Wiki nzima nalala bila mtoto wangu. Jumapili namwona. Namwona akisimama pale, akigonga milingoti yake, na watu wanamwita. Niachieni Jumapili yangu."

"Unaye mwingine anakufa kitandani!" alifoka Bibi.

"Niachieni," alisema Mama, akaingia chumbani. Ni kweli, tangu jezi ile itoke alikuwa hakosi mechi, mwanamke ambaye zamani hakujua hata uwanja uko upande gani. Sasa nilielewa alikuwa anakwenda kumtazama nani, nikamkasirikia mno. Nilijiuliza kama mimi ningekuwa kitandani angeniacha hivyo hivyo.

Ikabaki mechi ya mwisho. Kutoka mkiani tulikuwa tumepanda mpaka imebaki pumzi moja tu: tukipata hata sare, tunabaki daraja letu, tukifungwa tunashuka. Mtaa mzima ulikuja, na waumini wa msikitini na wa kanisani wakajipanga pamoja. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha na jua linawaka, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani mpaka goli la upande wa pili halikuonekana vizuri. Kocha alikuwa amekiweka kibuyu. Nilimwona akikiweka, na safari hii hakunong'ona kitu. Alikiacha kama mtu anayelipa asichotaka kulipa.

Shabani alitoka kitandani na homa yake akacheza. Alicheza, nawaambia, mpaka watu wakaacha kushangilia wakawa wanaguna tu. Alikuwa anaifuata mipira kabla haijapigwa. Tukafunga bao, wakarudisha. Bao moja kwa moja, na dakika zinakwisha, beki wetu mmoja akamkwatua mtu ndani ya boksi. Mwamuzi akaonyesha penalti, kwenye goli letu la upande wa barabara, mbele yetu.

Uwanja ukalipuka. "Idi! Idi! Idi!" Wanaume, wanawake, watoto, hata fundi baiskeli jirani yetu aliyembeba Shabani mgongoni utotoni. Naye kipa akarudi nyuma, akagonga mlingoti wa kushoto kwa kisigino, akagonga wa kulia, na mluzi ukaanza. Aligeuka akatazama nyuma ya goli. Hakututazama sisi. Alitazama kwenye nyasi, penye kibuyu, akatabasamu. Mrija ulikuwa unatikisika. Mtu ataniambia ni mdudu. Haya, ni mdudu. Upepo haukuwepo.

Mama alikuwa amekuja kusimama karibu yetu. Nilimvuta Mama kanga, yeye hakuhisi, macho yake yote yalikuwa golini, na uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa na furaha. Kisha nikaona anaangalia chini, kwenye magoti ya mtoto. Yalikuwa yanatetemeka. Si kutetemeka kwa woga. Ni kule kutetemeka alikorudi nako Idi kutoka mazoezini, akasema ni uchovu.

"Shabani," alisema Mama, taratibu, kama mtu anayeonja jina.

Kelele zikalimeza. Mpigaji alikuwa anaurekebisha mpira.

"Shabani!"

Watu wa karibu wakageuka, mmoja akamwambia anyamaze, amwache kipa. Mpigaji akaanza kukimbia. Na Mama akapaza sauti ambayo sijaisikia tena, ya kuchana koo: "Shabani! Shabani mwanangu, mimi mama yako, njoo!"

Akageuza kichwa. Mpira ukampita ubavuni, wala hakuuona.

Yakafuata matusi. Sitayarudia matusi aliyotukanwa Mama siku ile, na watu waliokula sambusa za Bibi. Yeye hakusikia. Shabani alikuwa anamjia, anatembea polepole, akifuta mvua usoni kwa mkono wa kulia. Alifika, akatutazama sote, akatazama mikono yake, akatazama watu.

"Mama," aliuliza, "mechi imeanza?"

Mama alimvua ile jezi palepale mbele ya halaiki, akamfunika kwa kanga yake. Mwili ulikuwa umepoa. Homa ile haikurudi.

Timu ikashuka. Kocha Gaspari aliwaambia watu kwamba kosa lilikuwa lake, alipanga vibaya, na akakubali kuzomewa. Kabla ya kuhama mtaa alipitia kwetu kuaga, akampa Bibi mikono yote miwili. Sijui aliishia wapi. Yaliyoifika Kigali baadaye ni makubwa kuliko mpira, na siwezi kuyachanganya na haya. Shabani aliyavuka, anaishi Busanza, pembeni mwa mji, ana watoto, na msimu ule wote haukumbuki, au husema hivyo. Ukimuuliza anasema alikuwa na malaria.

Huenda ni kweli. Huenda alikuwa kijana aliyemlilia kaka yake mpaka akajaribu kuwa yeye, na mtaa ukampa moyo, na kocha mzuri akafundisha vizuri. Nimeshasoma, nimeshazunguka, hoja hizo nazijua. Mwaka jana nilimuuliza Mama mwenyewe, naye sasa ni mzee, anachambua mchele kwa kupapasa. Alinijibu bila kuinua kichwa. "Idi alikuwa pale. Nilimwona kama ninavyokuona. Na aliponisikia ninaita, alijua si yeye ninayemwita."

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema kwamba Jumapili ile Mama alimwokoa Shabani, na niliishia hapo. Nilikuwa bado sijamsamehe kwa kuchelewa. Sasa nina watoto wangu, na nafikiri pia juu ya siku aliyozikwa Idi. Wanaume walilibeba jeneza mabegani wakaenda naye haraka, kama ilivyo kwetu, na sisi wanawake tukabaki ndani. Mama hakuliona kaburi likifukiwa. Hakuna aliyemwonyesha mahali pa kuagana na mwanawe. Ilibidi apatafute mwenyewe, akapata pale nyuma ya goli, kwenye mvua, huku akitukanwa, na alimwacha Idi aende kwa kuliita jina la mdogo wake.